Matairi makubwa kwenye HiAce: mambo ya kupima kabla ya kufunga

Na Mwandishi Wetu

Wamiliki wengi wa mabasi madogo ya aina ya Toyota HiAce, hususan yale yanayopeleka abiria vijijini na yanayobeba watalii mbugani, hupenda kuyaondoa matairi ya kiwandani na kufunga makubwa zaidi. Sababu zao zinaeleweka. Barabara za vumbi zina makorongo, udongo mweusi hugeuka utelezi wakati wa masika, na difu ikikwama juu ya tuta la katikati ya barabara abiria hulazimika kushuka na kusukuma.

Hata hivyo, tairi ni kiungo kimoja katika mnyororo wa vipimo vilivyopangwa pamoja kiwandani: spidimita, breki, gia, usukani na uthabiti wa gari lenyewe. Kikibadilika kimoja, vingine vyote huguswa. Makala haya yanaeleza vipimo hivyo kwa kutumia mfano wa HiAce ya toleo lililoanza kuuzwa mwaka 2004, ambalo ndilo linaloonekana zaidi barabarani hivi sasa.

HiAce nyembamba ya toleo hilo iliyotumika Japani huja na tairi lililoandikwa 195/80R15, pamoja na tarakimu 107/105. Namba ya kwanza, 195, ni upana wa tairi kwa milimita. Namba ya pili, 80, ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo. Herufi R inaonyesha kwamba nyuzi za tairi zimepangwa kwa mtindo wa redio, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi.

Kutokana na namba hizo mtu yeyote anaweza kupata kimo cha tairi. Asilimia 80 ya milimita 195 ni milimita 156. Ubavu uko juu na chini, hivyo ni milimita 312. Rimu ya inchi 15 ni milimita 381. Jumla ni milimita 693. Tairi ndugu lake linaloandikwa 195R15C, bila namba ya asilimia, huhesabiwa kwa ubavu wa takriban asilimia 82, na hivyo kuwa refu kidogo, karibu milimita 700.

Tairi linalopendwa na wengi wanaotaka kuinua gari ni 235/75R15, kwa kuwa hukaa kwenye rimu ya inchi 15 na hupatikana kwa urahisi, likiwa limetengenezwa kwa ajili ya magari ya mwendo wa porini na pikapu. Hesabu ileile inatoa kipenyo cha milimita 733 na nusu. Tofauti na lile la kiwandani ni milimita 40 na nusu, sawa na asilimia 5.8.

Hapa ndipo wengi hukosea matarajio. Kipenyo kikiongezeka kwa milimita 40, ekseli huinuka kwa nusu yake tu, yaani milimita 20. Huo ni upana wa kidole gumba. Na kwa kuwa difu ya HiAce imo ndani ya ekseli ya nyuma, tairi ndilo pekee linaloweza kuiinua. Kuweka vyuma chini ya springi huinua bodi, kukafanya gari lionekane refu, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa na itaendelea kugonga mawe yaleyale.

Jambo la pili ni nafasi. Tairi la 235 ni pana kuliko la 195 kwa milimita 40, hivyo kwenye rimu ileile huongezeka takriban milimita 20 upande wa ndani na 20 upande wa nje. Wakati huohuo ukingo wake umesogea milimita 20 mbele, nyuma na juu. Katika HiAce, ambayo dereva hukaa karibu kabisa na gurudumu la mbele, mahali pa kwanza kuguswa ni ukuta wa nyuma wa uwazi wa gurudumu la mbele, kwenye madigadi na chini ya ngazi ya kupandia. Kwa nyuma, tairi husogelea springi za mabamba kwa ndani na ukingo wa bodi kwa nje.

Kosa la kawaida gereji ni kulijaribu gari likiwa tupu, likiwa limesimama kwenye sakafu tambarare, usukani ukiwa umenyooka. Tairi halitagusa chochote katika hali hiyo. Jaribio la kweli hufanywa gari likiwa na mzigo, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho kulia na kisha kushoto, huku gurudumu moja likiwa limepandishwa juu ya tofali au ngazi ili springi za upande huo zibanwe. Chaki ikipakwa kwenye mabega ya tairi itaacha alama mahali popote linapokwaruza. Pasipobaki nafasi ya vidole viwili katika hali hiyo, tairi hilo halifai, hata kama lilikaa vizuri kwenye gari la jirani.

Wapo mafundi wanaotatua mgongano kwa kukata madigadi na kuikunja kingo ya bodi kwa nyundo. Kukunja kingo kidogo si dhambi, ilimradi chuma kilichobaki wazi kipakwe rangi kisishike kutu. Kukata hadi kwenye ngazi au kwenye vyuma vinavyobeba mwili wa gari ni jambo jingine kabisa, na mmiliki asilikubali.

Wengine huweka vipande vya kusogeza rimu nje, au hununua rimu zenye kina tofauti. Rimu za toleo hili zina matundu sita ya nati, nazo za pikapu nyingi za Toyota pia zina sita, jambo linalowashawishi watu kuzibadilishana. Lakini rimu inayotokeza nje hubadilisha mahali ambapo uzito unaegemea: beringi za magurudumu hubebeshwa mzigo kwa pembe isiyo yake, usukani huwa mzito, na kila shimo barabarani humfikia dereva mikononi. Aidha, rimu ya kiwandani yenye upana wa inchi 6 iko ukingoni kabisa mwa kiwango kinachokubalika kwa tairi la 235.

Pamoja na hayo yote, lililo zito kuliko mengine halionekani kwa macho, nalo ni uwezo wa kubeba.

Zile tarakimu 107/105 kwenye tairi la kiwandani ni kiashiria cha uzito. Namba 107 inamaanisha kwamba tairi moja, likifungwa peke yake kila upande, linaweza kubeba kilo 975 likiwa limejazwa upepo wake kamili, ambao kwa matairi ya aina hii hufika takriban PSI 65. Herufi C au LT ubavuni ni ushahidi kwamba limetengenezwa kwa ajili ya gari la mzigo, na kwamba ubavu wake umeimarishwa.

Sasa, matairi mengi ya 235/75R15 yanayouzwa ni ya magari ya abiria binafsi. Kiashiria chake cha kawaida ni 105, ambacho ni kilo 925, na mara nyingi kikomo cha upepo kilichoandikwa ubavuni ni PSI 35 au 44. Tairi linaonekana nene na lenye nguvu, kumbe linabeba pungufu ya lile jembamba lililoondolewa.

Hesabu haiishii hapo. Kanuni za Marekani zinataka tairi la aina ya gari dogo, linapofungwa kwenye basi au gari la mizigo, uwezo wake ugawanywe kwa 1.10, kwa kuwa magari hayo huzidishiwa mzigo na hutumika vibaya zaidi. Kilo 925 zikigawanywa hivyo zinabaki 841. Ukilinganisha na 975 za tairi la kiwandani, kila tairi limepoteza kilo 134, na ekseli ya nyuma imepoteza kilo 268. Huo ni uzito wa watu wanne wazima. Basi lililokuwa likijaza abiria kihalali limegeuka kuwa basi linalozidisha mzigo, ilhali hakuna abiria hata mmoja aliyeongezeka.

Tairi linalobeba zaidi ya uwezo wake, au lenye upepo pungufu, hukunjwa ubavuni kila linapozunguka. Kukunjwa huko huzaa joto, na joto huachanisha tabaka za mpira na nyuzi. Ndiyo maana tairi la namna hiyo halipasuki asubuhi gari likiwa kituoni. Hupasuka mchana, kwenye lami yenye jua kali, gari likiwa limejaa na liko kwenye mwendo.

Anayetaka kubaki na uwezo wa kubeba bila kuacha kabisa nia yake ya kuinua gari anaweza kuangalia tairi la 215/70R16C lenye kiashiria cha 108/106. Linahitaji rimu ya inchi 16. Kipenyo chake ni milimita 707, ongezeko la asilimia 2 hivi, na namba 108 ni kilo 1,000. Faida ya kimo ni ndogo, milimita 7 tu kwenye ekseli, lakini mguso wake na ardhi ni mpana zaidi, na hakuna abiria anayeibiwa usalama wake. Kwa maoni ya mwandishi, hilo ndilo chaguo la busara kwa gari linalobeba watu kwa nauli. Biashara ya matairi kwa ujumla hushauri kipenyo kisivuke asilimia 3 ya kile cha kiwandani.

Wapo pia wanaofunga 215/65R16C. Hili ni pana, hupendeza macho, lakini kipenyo chake ni milimita 686, pungufu ya lile la kiwandani. Anayelifunga kwa kudhani amelinyanyua gari amelishusha.

Kuhusu spidimita, hali ni hivi. Chombo hicho hakipimi mwendo, bali huhesabu mizunguko na kudhani kwamba tairi lina kipenyo kile cha kiwandani. Tairi likiwa refu kwa asilimia 5.8, mshale ukisoma 100, gari liko kwenye 105.8. Nchini Kenya, ambako magari ya abiria yalilazimishwa kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa kuanzia Februari 2004, kidhibiti kinachotegemea mizunguko kitaliachia gari lifike karibu 85 kabla ya kulizuia. Vifaa vinavyofuatilia gari kwa setilaiti havidanganyiki hivyo, kwani hupima mwendo halisi wa gari juu ya ardhi. Dereva atashangaa akiambiwa alizidisha mwendo wakati mshale wake ulikuwa sahihi machoni pake. Kidhibiti hakina budi kurekebishwa upya na fundi aliyeidhinishwa baada ya kubadili matairi.

Kosa hilohilo huingia kwenye hesabu ya mafuta. Gari likitumia lita 11 kwa kila kilomita 100 zinazosomwa, mmiliki ataona kwamba lita moja inampeleka kilomita 9.1. Ukweli ni kilomita 9.6, kwa sababu gari limetembea zaidi ya ilivyoandikwa. Kwa upande mwingine, oili inayobadilishwa kila kilomita 5,000 za kwenye mita itakuwa imetumika karibu 5,300.

Tairi refu ni sawa na kubadilisha gia. Gari lenye difu ya uwiano wa 4.10 litajiendesha kana kwamba lina 3.87. Kwenye tambarare injini huzunguka polepole, jambo ambalo madereva hulifurahia. Kwenye mlima kama Kitonga, mkoani Iringa, furaha hiyo hugeuka: gia ya tatu iliyokuwa ikitosha haitoshi, dereva hurudi ya pili, klachi huteleza zaidi wakati wa kuondoka, na injini hupata joto.

Kushuka Kitonga ni hatari zaidi kuliko kuupanda. Breki hushika kwenye kitovu cha gurudumu, lakini nguvu ya kusimamisha hutokea pale tairi linapogusa barabara. Umbali huo ukirefuka kwa asilimia 5.8, mguu uleule wenye nguvu ileile utatoa nguvu pungufu kwa zaidi ya asilimia 5. Ongeza uzito wa tairi lenyewe, ambalo breki zinapaswa kulisimamisha pia, na injini ambayo sasa inasaidia kidogo zaidi kuzuia mwendo katika gia ileile. Pedi na breki za ngoma za nyuma zitakuwa zikila joto ambalo hazikupangiwa.

Kuna kifaa kimoja ambacho mafundi wengi hukisahau. HiAce nyingi zisizo na mfumo wa ABS zina vali ya breki iliyounganishwa kwa kijiti na ekseli ya nyuma. Gari likijaa, bodi hushuka, kijiti husukumwa, na vali huruhusu breki za nyuma zishike kwa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu hufanya kinyume, ili magurudumu ya nyuma yasifunge na kuserereka. Bodi ikiinuliwa kwa vyuma chini ya springi, vali hiyo hudanganyika: inadhani gari ni tupu wakati limejaa, na breki za nyuma hudhoofishwa siku ambayo zinahitajika zaidi. Fundi anayeinua bodi bila kurekebisha kijiti hicho hajamaliza kazi.

Kuinua sehemu ya mbele kuna masharti yake. HiAce ya toleo hili la mwaka 2004 haina springi za mzunguko mbele. Hubebwa na vyuma virefu vinavyojisokota, yaani tosheni baa, ambavyo kimo chake hurekebishwa kwa kukaza boliti. Ni rahisi mno, na urahisi huo ndio mtego. Boliti ikikazwa kupita kiasi, mkono wa juu hukaa karibu kabisa na mpira wake wa kuzuia, gari hupoteza nafasi ya kushusha gurudumu shimoni, na boli jointi huishi kwa pembe kali hadi zinalegea kabla ya wakati. Magurudumu nayo hubadilika mwelekeo, hivyo upimaji wa mlingano wa magurudumu ni wa lazima siku hiyohiyo, la sivyo matairi mapya yataliwa upande mmoja ndani ya miezi michache. Taa za mbele zishushwe pia, kwani gari lililoinuka pua huwapofusha wanaokuja mbele.

Swali la kupinduka linahitaji kuelezwa kwa namba. Uthabiti wa gari hukadiriwa kwa kuchukua nusu ya umbali kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, kisha kuigawanya kwa kimo cha kitovu cha uzito kutoka ardhini. Kadiri jibu linavyopungua ndivyo gari linavyokuwa jepesi kupinduka. HiAce nyembamba ina umbali wa takriban mita 1.47. Tukichukua, kwa mfano tu, kwamba kitovu chake cha uzito kiko sentimita 80 kutoka ardhini, jibu ni 0.92. Tairi la 235 likikipandisha kwa sentimita 2, linakuwa 0.90. Bodi ikiinuliwa sentimita 5 nyingine, linashuka hadi 0.845, pungufu ya asilimia 8. Na hapo hatujapakia magunia juu ya keria.

Uzoefu wa Marekani unatoa onyo. Mwaka 2001 mamlaka ya usalama barabarani ya nchi hiyo, inayojulikana kwa kifupi cha NHTSA, ilitoa tahadhari kuhusu magari ya abiria 15, ambayo ni makubwa kuliko HiAce nyembamba. Ilibaini kwamba yakiwa na watu 10 au zaidi, kiwango cha kupinduka katika ajali za gari moja pekee kilikaribia mara tatu ya kile cha magari yaliyobeba watu wachache. Sababu ni kwamba kila abiria anayeingia hukipandisha kitovu cha uzito na kukisogeza nyuma. Hayo yalikuwa magari yenye kimo cha kiwandani. Mamlaka hiyo pia ilisisitiza mara kwa mara ukaguzi wa upepo wa matairi, kwa kuwa tairi likipasuka katika gari lililojaa, dereva hubaki na sekunde chache tu za kulitawala.

Basi refu la watalii linalotembea mbugani kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa halimo katika hatari sawa na lile linalokimbizana na ratiba kati ya mji na mji. Lakini gari lilelile hutoka mbugani na kurudi Nairobi au Arusha kwa lami, tena jioni dereva akiwa na haraka. Mwenye gari apime kwa ile sehemu ya safari iliyo na hatari zaidi, isiwe ile iliyomfanya atake matairi makubwa.

Matairi ya mitumba yana neno lake. Yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 2000 na kubeba alama ya DOT huwa na tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu huku mpira umeshakauka. Mnunuzi alikunje bega la tairi kwa vidole. Vikionekana vijinyufa vidogo, aliache hapohapo.

Kampuni ya bima nayo ijulishwe kwa maandishi kuhusu mabadiliko hayo kabla gari halijarudi barabarani.

Linabaki tairi la akiba, ambalo husahaulika hadi siku ya pancha. Katika HiAce hutundikwa uvunguni, nyuma, na la 235 huenda lisiingie kwenye kikapu chake. Anayebaki na akiba ndogo ya kiwandani asiifunge kwenye ekseli ya nyuma kwa safari ndefu, kwa kuwa matairi mawili yasiyolingana kimo huilazimisha difu kufanya kazi mfululizo hata barabara ikiwa imenyooka, hadi inaungua. Pancha ikitokea nyuma, ni bora kuhamisha tairi kubwa la mbele kwenda nyuma na akiba ndogo ikae mbele, gari liende polepole hadi kwa fundi wa karibu. Kwa HiAce zinazovuta kwa magurudumu yote manne muda wote, hata hilo halifai: matairi yote manne lazima yalingane kwa kimo, na yenye ABS hali kadhalika, kwani kompyuta yake hulinganisha mizunguko ya kila gurudumu.

Baada ya kufunga, nati hukazwa upya gari likishatembea kilomita 50 hadi 100, likiwa limesimama chini kwa uzito wake, kwa spana yenye kipimo na si kwa utingo kurukia mpini wa spana.